Kwa nini damu haikati: kisa cha majani yenye ukungu na sumu ya panya



Kila msimu wa kuhasi na kukata pembe ukifika, napigiwa simu na mtu mwenye swali lile lile: mbona ndama wangu damu haikati? Wengine hawaulizi, wanajijibu wenyewe kwamba mnyama ana "damu nyepesi". Leo nataka tukae na jambo hilo kwa kituo. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu damu kuganda ilitoka zizini na kwenye banda la kuku kabla haijafika hospitalini. Tena linahusu kitu ambacho huenda unacho nyumbani sasa hivi, kwenye pakiti ndogo juu ya kabati.

Kwanza tahadhari, maana najua wapo watakaosoma nusu tu. Mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, shuku kimeta. Usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Zuia mbwa wasimsogelee na umpigie daktari wa mifugo. Wanyama nitakaowasimulia hapa chini walitokwa damu kwa sababu nyingine, lakini kwa macho matupu huwezi kutofautisha.

Sasa tuanze. Februari 1933, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, mfugaji mmoja aitwaye Ed Carlson wa Deer Park alipakia mzigo wa ajabu kwenye gari lake. Alikuwa na mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na takribani kilo 45 za majani makavu yaliyooza. Akaendesha karibu kilomita 300 katikati ya dhoruba ya theluji hadi mji wa Madison. Ilikuwa Jumamosi. Ofisi ya daktari wa mifugo wa jimbo ilikuwa imefungwa. Akazunguka na mzigo wake mpaka akaukuta mlango mmoja uko wazi, ule wa maabara ya mkemia wa kilimo wa chuo kikuu, Karl Paul Link.

Carlson alikuwa amepoteza mitamba kadhaa tangu Desemba. Ng'ombe wake mmoja mzee aliyempenda sana alivimba mapajani, na fahali alikuwa akitokwa damu puani. Majani hayo ndiyo chakula pekee alichokuwa nacho. Wewe unayefuga unajua uzito wa sentensi hiyo. Kuambiwa "usiwalishe majani haya" wakati wa kiangazi, au kwao wakati wa baridi kali, ni kama kuambiwa wauze wote. Na miaka ile hali ya uchumi ilikuwa mbaya, hakuna aliyekuwa na pesa ya kununua mengine. Link hakuwa na dawa ya kumpa. Alimwambia aache kuwalisha majani hayo, na ikiwezekana wagonjwa waongezewe damu ya ng'ombe mzima. Carlson akarudi kwake na theluji yake. Kopo la damu likabaki maabara, na msaidizi wa Link, Eugen Schoeffel, akaendelea kuchovya mikono ndani yake akistaajabu damu isiyo na hata bonge moja.

Ushauri ule Link hakuutoa hewani. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshajulikana kwa zaidi ya miaka kumi. Majani yale yalikuwa ya mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa lusini, uitwao klova tamu. Ulitoka Ulaya, ukapandwa sana North Dakota na Kanada kwa kuwa unastahimili udongo mchovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wafugaji wa huko wakaanza kuona maajabu: mnyama anahasiwa leo, kesho amekauka damu. Kisa kinachotajwa sana ni cha ng'ombe 22 waliokatwa pembe wakafa 21, na fahali wachanga 25 waliohasiwa wakafa 12.

Aliyefumbua sehemu ya kwanza ni Frank Schofield, daktari wa mifugo aliyekuwa akifundisha chuo cha mifugo cha Ontario, Kanada. (Mtu huyu ana kisa kingine kabisa. Kabla ya hapo alikuwa Korea, akaunga mkono harakati za uhuru za mwaka 1919, na leo amezikwa Seoul kama shujaa wao.) Schofield alichukua majani ya rundo moja, akatenga mazuri na yaliyoharibika, akalisha sungura makundi mawili. Waliokula mazuri hawakupata neno. Waliokula yaliyoharibika walikufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Akasema wazi kwamba mmea wenyewe hauna kosa, kosa ni ukungu unaoingia pale majani yanapovunwa yakiwa mabichi na kurundikwa kabla hayajakauka. Baadaye kidogo, kuelekea mwaka 1931, Lee Roderick wa North Dakota alionyesha kwamba ng'ombe hao wamepungukiwa na kitu kimoja katika damu, protini iitwayo prothrombini, na kwamba damu ya ng'ombe mzima ikiongezwa mapema mgonjwa hupona.

Hapo lazima nisimame nikueleze damu inavyoganda, la sivyo prothrombini itabaki jina tu.

Chukulia mfereji wa kumwagilia umepasuka ukingo. Watu wa kwanza kufika hutupa viroba vya mchanga pale penye tundu. Maji yanapungua, lakini yanapenya katikati ya viroba, na ukiwaacha hivyo usiku mmoja yatavisukuma. Ndipo linapokuja kundi la pili na udongo wa mfinyanzi na matete ya kusuka, wakaziba kila upenyo mpaka ukingo ukashika. Kila kundi peke yake haliwezi. Viroba bila udongo vinasombwa. Udongo bila viroba unaondoka na maji kabla haujatua.

Katika damu, viroba ni chembe sahani. Ni vipande vidogo sana vinavyotengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na kwa binadamu viko kati ya 150,000 na 450,000 katika tone la ukubwa wa milimita moja ya ujazo. Huishi siku saba hadi kumi. Aliyeonyesha kazi yake ni Mwitalia Giulio Bizzozero wa Torino, mwaka 1882. Alitandaza utando wa utumbo wa mnyama mdogo aliye hai chini ya darubini, akakijeruhi kimshipa, akakaa kutazama. Aliona visahani hivyo vikifika kabla ya kitu kingine chochote, vikinata kwenye kidonda na kunatana vyenyewe kwa vyenyewe. Kabla yake wengi walioviona walidhani ni uchafu au mabaki ya chembe nyingine zilizovunjika.

Udongo wa mfinyanzi ni zile protini za kugandisha, nyingi zikitengenezwa kwenye ini. Zinaelea katika damu zikiwa zimelala. Mshipa ukijeruhiwa, moja huamsha nyingine, nayo huamsha inayofuata, mpaka prothrombini inageuzwa kuwa thrombini. Thrombini ndiyo msimamizi wa kazi. Inachukua protini nyingine iliyoyeyuka kwenye damu na kuigeuza nyuzi ziitwazo fibrini, na nyuzi hizo zinasuka wavu juu ya chembe sahani. Wakati huohuo inazichochea chembe sahani nyingine zije kwa wingi. Ukiona donge la damu limetetemeka kama mlenda uliopoa, unachokiona ni wavu huo umekamata chembe nyekundu.

Mambo haya mawili yalichunguzwa na watu tofauti kwa muda mrefu kana kwamba ni kazi mbili zisizojuana. Yanapokutania ni kwenye mwili wa chembe sahani wenyewe. Chembe sahani ikishanata kwenye kidonda hubadilika, hugeuza nje utando wake wa ndani, na utando huo unakuwa uwanja wa kazi. Protini za kugandisha hazifanyi kazi vizuri zikielea ovyo; ni lazima zitue kwenye uwanja huo, zikae bega kwa bega. Na zinashikamana nao kwa msaada wa madini ya kalsiamu. Mpango huu una akili, kwa sababu damu inaganda pale penye kidonda tu na haigandi mwili mzima. Lakini unamaanisha pia kwamba protini ambayo haiwezi kushika uwanja ni bure, hata kama ipo.

Kumbuka hilo la kushika, tutalirudia. Sasa twende kwenye kuku.

Mwaka 1929, Copenhagen, Denmark, Henrik Dam alikuwa akichunguza jambo lisilohusu damu kabisa. Alitaka kujua kama vifaranga wanaweza kujitengenezea kolesteroli, kwa hiyo akawalisha chakula kilichoondolewa mafuta yote. Baada ya wiki chache akaona madoa ya damu chini ya ngozi na kwenye misuli, na damu iliyochukuliwa kupimwa ilichelewa kuganda. Akajaribu vitamini C, haikusaidia. Majani mabichi na ini la nguruwe vilisaidia. Mwaka 1935 akaiita dawa hiyo iliyojificha vitamini K, akichukua K kutoka neno la lugha yake lenye maana ya kuganda. Mmarekani Edward Doisy akaitenga kutoka kwenye lusini, na aina yake ya pili kutoka kwenye unga wa samaki uliooza, mwaka 1939. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Kama umewahi kujiuliza kwa nini mchanganyiko wa vitamini wa kuku una herufi K kwenye orodha, ni kwa sababu ya vifaranga wale. Kuku wa ndani wasioona jani hawawezi kujitosheleza, maana wadudu wa utumbo wao hawatengenezi ya kutosha. Ng'ombe hana shida hiyo. Tumbo lake la kwanza ni kiwanda, tena anakula majani. Kwa hiyo ng'ombe wa Carlson hawakukosa vitamini K. Ilikuwepo, ila kulikuwa na kitu kinaizuia isifanye kazi.

Kukitafuta kitu hicho kulichukua miaka sita. Klova tamu ina kumarini, ile inayofanya majani yakikauka yanukie vizuri, na kwa miaka mingi watu waliituhumu yenyewe. Kumbe kumarini peke yake haimwagi damu. Ukungu unapoila, unaibadilisha na kuziunganisha mbili pamoja, na hiyo pacha ndiyo yenye madhara. Juni 1939, Harold Campbell wa maabara ya Link aliipata ikiwa fuwele safi kutoka kwenye majani yaliyooza. Mwaka uliofuata wenzake wakathibitisha umbo lake na kuitengeneza wenyewe. Ikaitwa dikumaroli. Haikuchukua muda madaktari wa binadamu wakaanza kuitumia kwa wagonjwa ambao damu yao inaganda mahali isipotakiwa, kwenye mishipa ya miguu au mapafu.

Mwaka 1945 Link aliugua kifua kikuu, akalazwa. Akiwa kitandani alisoma historia ya mapambano ya watu na panya, akawaza: kama pacha hii inamwaga damu ng'ombe, je panya? Waliporudia kupima jamaa zake mbalimbali, ile yenye namba 42 ilishinda. Iliuzwa kuanzia mwaka 1948 kwa jina la warfarini, sehemu ya kwanza ikiwa ni herufi za kwanza za taasisi ya chuo iliyogharamia utafiti, na mwisho ukitoka kwenye kumarini. Panya haijui, kwa sababu haimuumi papo hapo. Anakula leo, anarudi kesho, na wenzake hawahusishi kifo chake na chakula. Miaka michache baadaye sumu hiyohiyo, kwa vipimo vidogo, ikawa kidonge cha binadamu. Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya mshtuko wa moyo mwaka 1955, na hadi leo iko kwenye maduka ya dawa ya hospitali zetu. Kidonge ni kile, sumu ni ile. Tofauti ni kiasi, na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Jibu la mwisho nalo lilitoka kwa ng'ombe. Mwaka 1974 Johan Stenflo wa Sweden na wenzake walilinganisha prothrombini ya ng'ombe mzima na ya ng'ombe aliyepewa dikumaroli. Ini la mgonjwa lilikuwa bado linatengeneza prothrombini, ila ilikuwa na kasoro. Iliyo nzima ina vijishikio vidogo mwanzoni mwake, vinavyowekwa na ini kwa msaada wa vitamini K, na vijishikio hivyo ndivyo vinavyoshika kalsiamu. Ya mgonjwa haikuwa navyo. Ndiyo ile protini niliyokwambia isiyoweza kutua uwanjani. Mtamba wa Carlson alikuwa na viroba vyake, chembe sahani zilifika kwenye kidonda na zikanata. Lakini udongo ulipita juu yake ukaenda na maji.

Sasa unaelewa pia kwa nini mnyama wa namna hii hutokwa damu kwa kuchelewa. Kidonda kinaziba kidogo, unadhani imekata, baada ya saa kadhaa inafumuka upya. Ukikuta kinyume chake, vidoa vidogo vidogo vyekundu kwenye ufizi na ngozi ya ndani ya midomo, huko mara nyingi tatizo ni chembe sahani kupungua, na kwetu mifano ni homa za kupe kwa mbwa na aina kali ya nagana inayojulikana Kenya kwa kumwaga damu ng'ombe. Tiba ni tofauti kabisa. Kumpa vitamini K mnyama aliyepungukiwa viroba ni kuongeza udongo mahali palipokosa mchanga.

Najua unauliza: majani yangu ya Rhodes yakipata ukungu, ng'ombe atamwaga damu? Ugonjwa huu wenyewe, hapana, kwa sababu unatokana na mimea yenye kumarini nyingi. Lakini usichukue jibu hilo kama ruhusa. Ukungu wa kwenye mahindi, pumba na mashudu huleta sumukuvu, na sumukuvu hushambulia ini, na ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha. Mbwa wanaolishwa unga ulioharibika huweza kufa wakivuja damu kwa njia hiyo. Unga usioufaa kuupika nyumbani usimpelekee mbwa. Na kwa kuku, dawa za salfa mnazopenda kutumia kwa kuhara damu, baadhi yake huzuia vitamini K vilevile. Ukizidisha kipimo au siku, unaweza kuongeza damu uliyotaka kuikata.

Kubwa zaidi ni ile pakiti ya juu ya kabati. Panya wa Scotland walianza kuizoea warfarini mwaka 1958, na kutoka hapo viwanda vikatengeneza ndugu zake wenye nguvu zaidi. Sumu nyingi za panya za chembe za rangi zinazouzwa leo ni hizo, angalia kama imeandikwa bromadiolone au brodifacoum. Warfarini hutoka mwilini ndani ya siku chache. Hizi hukaa wiki nyingi, na paka au mbwa akila panya aliyezila naye anapata.

Mbwa aliyekula sumu hii leo atakuwa mzima leo, na pengine kesho. Protini za kugandisha zilizotengenezwa kabla hajaila bado zipo, mpaka ziishe. Ndiyo maana kati ya siku ya pili na ya tano ndipo unamkuta amelala, ufizi mweupe, anahema kwa shida, au goti limevimba bila kuumia. Watu wengi wananiletea siku hiyo. Mlete siku ile uliyoona pakiti imechanwa, hata kama anarukaruka, na uje na pakiti yenyewe ili daktari ajue ni ipi.

Tiba ipo, ni vitamini K1, na mara nyingi hutolewa kwa wiki tatu, nne au zaidi, si sindano moja. Usimpe ile ya unga ya kuku. Hiyo ni K3, na haifanyi kazi dhidi ya sumu hii. Usimpe asprini wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, kwa sababu asprini inazilemaza chembe sahani, na huyo mbwa viroba ndivyo pekee alivyobakiwa navyo. Kama aliyekula ni mtoto au mtu mzima, usisubiri dalili, nenda hospitali na pakiti mkononi.

Na ukiwa na ndama wa kuhasi mwezi huu, niambie kwanza umemlisha nini wiki nne zilizopita.